Ngisi wa Rafu ya Saba

Tarehe 3 Machi

Kijiko, mdogo wangu,

Barua hii uisome peke yako, kisha uitie kwenye moto wa jiko lako. Sitanii. Maji yamenifika shingoni na sina mwingine wa kumwambia.

Kuna chupa moja kwenye ghala letu la wanyama waliohifadhiwa, rafu ya saba, ndogo kama ya dawa ya kikohozi, imefungwa uzi mwekundu shingoni. Chupa za uzi mwekundu nilikuonyesha siku uliyokuja kunitembelea kazini ukaziba pua. Kila moja ina mnyama mmoja ambaye jina la aina yake yote linasimama juu yake. Sisi tunamwita shahidi. Mtaalamu akitaka kujua aina fulani kweli ni ipi, anakuja kumtazama shahidi kwa macho yake. Huyu wa rafu ya saba ni ngisi wa kilindini, dume, mfupi na mviringo, hazidi kidole gumba changu, ana mapezi mawili yaliyokaa ubavuni kama masikio. Mwalimu wangu alimpata miaka thelathini na minane iliyopita kwenye wavu ulioshushwa mita mia saba. Akamchora, akamwandika, akampa jina. Tangu siku hiyo hajapatikana mwingine popote.

Amekauka, Kijiko. Kifuniko kilipata ufa na spiriti ya kumhifadhi ikapaa yote. Nilipoinua chupa ilikuwa nyepesi, na ndani ya pamba nikakuta kitu kama zabibu kavu.

Utaniuliza, si wewe ndiye mwenye kazi ya kujazia chupa? Ni mimi. Ziko elfu nne na zinapitiwa kila miezi sita. Mwalimu alinifundisha kuzigonga kwa penseli: iliyojaa inatoa mlio mzito, iliyopungua inalia kama kengele. Nina sikio zuri, kila mtu ananisifu, nami sifa nilizipokea. Miaka kumi na moja nimepita nikigonga na kuweka alama ya tiki. Nikasahau kwamba hii moja Mwalimu mwenyewe aliishindilia pamba ili mnyama asitupwetupwe ndani. Chupa yenye pamba haiwezi kulia hata ikiwa tupu. Muda wote huo nilikuwa nagonga pamba.

Mwezi wa tano anakuja profesa mgeni, mtaalamu wa ngisi, na anachokuja kukitazama ni chupa hiyo. Kazi itakwenda, hilo najua, lakini silo linaloninyima usingizi. Mwalimu ndiye aliyenitoa kwenye ufagio akanipa funguo za ghala. Sasa amestaafu, macho yamefifia, anakaa na mjukuu wake. Amefundisha watu wengi, lakini kitu alichokipa jina yeye mwenyewe ni kimoja tu. Siwezi kumwambia kwamba kimeoza mikononi mwangu.

Meli yenu inashusha nyavu kilindini. Wewe ni mpishi, najua, lakini meza ya kuchambulia iko hatua tano kutoka jikoni kwako, ulinieleza mwenyewe. Nitafutie mmoja. Awe dume, wa mita mia saba. Alama yake ni mkono wa tatu, kila upande: katikati una vikombe vitatu vikubwa vya kunatia, na vingine vyote ni vidogo. Hakuna ngisi mwingine mwenye alama hiyo. Sijawahi kukuomba kitu, ila sufuria yangu uliyoondoka nayo, na hiyo nimeshasamehe.

Dada yako

*

Tarehe 19 Machi

Dada Spiriti, shikamoo.

Mfuko wa barua umeletwa na boti ya mafuta. Yako nimeichoma, na nyusi zangu nusura ziifuate, maana niliisoma nimeinamia jiko.

Tuliite jambo kwa jina lake: unaniomba niibe. Hapa kila kinachopanda na wavu kinahesabiwa. Mkuu wa utafiti ni mama mmoja mkavu kama biskuti zetu, anahesabu hata kamba wasio na vichwa. Lebo inaandikwa kwa penseli, kina, saa na mahali, na inaingia chupani pamoja na mnyama kabla maji hayajachuruzika. Na mimi meza hiyo nimepigwa marufuku kuikaribia. Mwezi uliopita nilikuta ngisi mnene ndani ya ndoo mlangoni pa jikoni, nikadhani ni riziki. Nilishamkata vipande na kitunguu kiko motoni waliponivamia watu watano wakipiga kelele.

Sasa nisikilize, japo mimi ni mdogo. Mwambie Mwalimu. Ni mtu mzima, atakasirika, atakunywa maji, atakaa siku mbili bila kuongea, kisha atakuuliza kama umekula. La kuvunda halina ubani, dada. Ukianza kulifukizia, utanuka wewe na nguo zako.

Lakini ukikataa, na nakujua utakataa, nitafungua macho. Uliniosha, ukanilisha, ukanipiga nilipostahili. Siwezi kukaa nikikatakata karoti huku wewe unatetemeka.

Kijiko

*

Tarehe 2 Aprili

Kijiko,

Usiniambie tena nimwambie. Nilikwenda kwake Jumapili, nimelipanga neno la kwanza njia nzima. Nikamkuta amekaa sebuleni, mjukuu anamsomea barua ya profesa. Uso wake ulikuwa umechangamka ajabu. Aliniambia, "Mwanangu, mtu anavuka nusu ya dunia kuja kumtazama yule mdogo wangu." Kisha akaniagiza nimweke kwenye chupa safi, nibadilishe pamba, mgeni asione aibu. Nikasema nimekusikia, Mwalimu. Nikanywa chai kikombe kizima na sijui kama ilikuwa na sukari.

Na kuna jambo nimelifanya. Kitu kikikauka kuna dawa ya kukilowesha, maji ya sabuni ya vuguvugu, pole pole, siku mbili. Nilimloweka kwenye sahani chini ya meza yangu. Mwili ulianza kulainika, nikapata tumaini. Siku ya pili mikono yake ikaanza kuachia, ikawa vipande vidogo kama majani ya chai, huwezi kujua upi ni upi. Wakati huo huo nikasikia viatu vya mkuu wa ghala kwenye korido. Sikufikiri. Nilimwaga sahani kwenye sinki nikafungulia maji yote. Mkuu alipoingia aliniuliza kwa nini natumia maji mengi hivyo, nikamwambia naosha mikono. Niliendelea kuiosha mpaka akatoka.

Hakuna tena kitu, Kijiko. Hata kile kilichoharibika hakipo. Kwenye rafu ya saba kuna chupa ya pamba, spiriti mpya na lebo ya mkono wa Mwalimu. Ukipita huoni kasoro. Mimi nikipita naharakisha.

Profesa anafika tarehe 11 Mei. Nimeanza kugonga kila kitu, vikombe, milango, sufuria. Jana nimemgonga mtoto wa jirani kichwani kwa penseli, mama yake akaniangalia sana.

Fanya haraka.

Dada yako

*

Tarehe 21 Aprili

Dada Spiriti, shikamoo.

Amepatikana.

Yumo ndani ya kopo la hamira unaloliona, ndani yake kuna chupa, na chupa nimeizungushia taulo la jikoni. Usilifungue mbele za watu. Wavu ulishuka mita mia saba kamili. Ni dume, ni mdogo, ni mviringo, ana masikio. Mkuu wa utafiti mwenyewe ndiye aliyenipa kwa hiari yake. Nilimwambia nina dada anayependa ngisi, akacheka. Basi, usiulize zaidi.

Lebo yake nimeitoa, maana isingekufaa.

Nikuambie kitu kimoja tu, kwa sababu hakinitoki. Alifika juu akiwa bado hai. Nilimweka kiganjani akawa mwekundu wa kahawia, kisha akapauka kama maziwa, kisha akarudia wekundu. Jicho lake ni kubwa kupita kiasi kwa mwili ule. Nimechinja kuku maisha yangu yote, lakini huyu ndiye wa kwanza kunitazama. Nilimtia kwenye spiriti nikiwa nimegeuza uso.

Kijiko

*

Tarehe 9 Mei

Kijiko,

Kopo limefika salama. Mkuu wa ghala aliliona mezani akaniuliza kama nataka kuoka mkate, nikamwambia ndiyo. Sasa ananidai mkate.

Ngisi wako alikuwa na sura changa mno kwa mtu wa miaka thelathini na minane. Nimemloweka kwenye chai nyepesi kutwa nzima, akapata rangi ya uzee. Nimemfunika pamba, nimemtilia lebo ya Mwalimu, nimemfunga uzi mwekundu wa zamani ule ule. Anafanana kabisa. Mkono wa tatu nimeutazama kwa hadubini, uko sawasawa.

Profesa anafika keshokutwa. Asante, mdogo wangu. Usiwe na wasiwasi tena juu yangu.

Dada yako

*

Tarehe 17 Mei

Kijiko,

Nimeketi nje ya ofisi ya posta naandika kwenye goti, kwa sababu nyumbani siwezi kukaa.

Profesa ni mama mpole, anatembea na mto wake wa kukalia. Siku ya kwanza alimtazama ngisi tangu asubuhi mpaka tulipofunga ghala. Siku ya pili aliomba mchoro wa Mwalimu, ule wa kwanza wa penseli, akauweka kando ya hadubini. Akawa anatazama huku, anatazama kule. Mimi nilikuwa napangusa rafu ambayo nilishaipangusa mara tatu. Siku ya tatu aliniita, akaniambia nisogee nitazame mwenyewe.

Alisema, "Unaona? Vikombe vyote ni sawa. Mwalimu wako alichora asichokiona."

Hakusema kwa ubaya. Alinieleza kwamba hutokea, kwamba mtu akitamani sana kugundua kitu, jicho lake humpa anachokitaka. Akasema huyu ni ngisi wa kawaida tu, wa maji ya juu kidogo, anayejulikana siku nyingi na mwenye jina lake tayari. Kwa hiyo jina alilolitoa Mwalimu litafutwa. Ataandika makala kueleza, na kabla ya hapo atamwandikia Mwalimu kwa adabu ili asije akaisoma kwanza kwenye jarida.

Nami nilisimama pale. Ilikuwa nafasi yangu, mlango uko wazi, watu wawili tu chumbani. Nikamwuliza kama anahitaji taa nyingine.

Kijiko, nilikudanganya. Mkono wa tatu haukuwa sawasawa. Nilivihesabu vile vikombe mara nne kabla ya kumtia chupani, na mara zote nne vilikuwa vidogo vyote. Nilikuandikia anafanana kwa sababu ulikuwa umejitia hatarini kwa ajili yangu, na nilijiambia profesa ataangalia umbo na rangi aridhike. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi na kumvunja moyo mzee. Sasa mzee anaitwa mwongo, na uongo ni wangu.

Sijui nifanye kitu gani.

Dada yako

*

Tarehe 25 Mei

Dada, shikamoo.

Safari hii sikuiti Spiriti.

Hukunidanganya wewe peke yako. Wavu haukushuka mita mia saba. Ilikuwa mia tatu, na mahali pengine kabisa, kwenye mchanga, ambako hawa wadogo wanapanda na kila wavu. Hakuna aliyenipa. Watafiti walikuwa wamekwenda kula chakula nilichokipika mimi, nikaingiza mkono kwenye trei nikachukua wa kwanza aliyefanana na maelezo yako, pamoja na lebo iliyokuwa imeshaandikwa. Ya mia saba tulishusha mara mbili tu, na mara zote mbili wavu ulipanda na tope. Nilikuona umezidiwa, nikasema heri huyu kuliko mikono mitupu. Vikombe sikuvitazama. Nilimtazama jicho, nikakimbia.

Mkuu wa utafiti alihesabu akakosa mmoja. Akahesabu tena. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile ananiita kwa jina langu kamili, ambalo humu melini nilidhani halijulikani. Nikisikia hatua zake nainamia sufuria.

Kwa hiyo mimi nilijua, wewe ulijua, na kila mmoja akawa anampoza mwenzake. Lebo yake sikuitupa. Nilikuwa nayo mfukoni, imefuliwa mara moja lakini penseli haifutiki kwa maji: kina, saa, mahali, vyote vinasomeka. Iko humu ndani ya bahasha. Nimetaka kuitupa baharini mara nyingi na mkono ukakataa. Fanya nayo unachoona ni haki. Ukisema, na mimi huku nitasema, siku hiyo hiyo.

Kijiko

*

Tarehe 2 Juni

Mwanangu mpenzi,

Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila neno na asinipambie.

Profesa ameniandikia barua ndefu yenye heshima nyingi, na nilipoona heshima zimezidi nikajua kuna msiba. Basi nimekaa wiki nzima najaribu kumwona yule ngisi. Nimefumba macho haya ambayo hata yakifumbuliwa hayana faida kubwa, nikarudi kwenye meli ile, kwenye meza ile, na kila nikirudi naona vikombe vitatu vikubwa. Naviona kama ninavyozijua meno zangu. (Babu, ni meno yangu. Amesema niache ilivyo.)

Lakini mzee akiona kitu na chupa ikaonyesha kingine, chupa ndiyo yenye haki. Nilikufundisha hivyo mwenyewe. Siku ile meli ilikuwa inayumba, nilikuwa kijana, sina jina lolote mbele za watu, na nilitaka sana awe mgeni duniani. Huenda nilichora tamaa yangu. Nimeshamwandikia profesa kwamba nakubali, kosa ni langu, naomba radhi kwa wote waliolifuata jina lile.

Nina ombi. Daftari kubwa la ghala, ukurasa wake unaujua. Upige wewe mstari juu ya lile jina, si mtu mwingine. Kwa penseli, mstari mmoja, jina liendelee kusomeka chini yake, ndiyo desturi yetu. Sitaki mkuu wa ghala alifute kwa wino kama mtu anayeua mende.

Wala usihuzunike kwa ajili yangu. Faraja ninayo moja, nayo ni wewe. Profesa amenieleza kwamba katika maghala yote aliyoyatembelea, hajaona shahidi wa umri ule aliyetunzwa vizuri namna ile.

Ni mimi, Mwalimu wako

*

Tarehe 5 Juni

Mwalimu wangu, shikamoo.

Mjukuu, dada mdogo, nakuomba usome yote. Ukifika mahali unaona haya kusoma, usiruke. Msomee babu kama nilivyoandika.

Mwalimu, hukukosea. Ngisi aliyetazamwa na profesa si wako.

Wako alikauka. Kifuniko kilipasuka, nami sikujua, kwa sababu nilikuwa nagonga chupa bila kuziinua, na chupa yako ina pamba. Nilimgundua mwezi wa tatu mwanzoni. Nilijaribu kumlowesha, akaharibika, na niliposikia mtu anakuja nikamwaga kwenye sinki. Siku niliyokunywa chai kwako alikuwa ameshakauka, na mimi nilikuwa nimekuja kukuambia, nikashindwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamwomba mdogo wangu aliyeko melini aniletee mwingine. Alimleta wa mita mia tatu. Niliona kwamba si yeye. Nikampaka rangi ya chai, nikamvika lebo yako.

Lebo yake ya kweli naiambatanisha. Nakala ya barua hii nimempelekea profesa na nyingine iko juu ya meza ya mkuu wa ghala. Nimemwandikia mdogo wangu, naye atasema kwa wakubwa zake.

Uliponiandikia kwamba faraja yako ni mimi, nilikaa chini sakafuni pale pale ghalani. Kwa miezi mitatu nimeogopa kazi, nimeogopa profesa, nimeogopa hatua za watu kwenye korido. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa kusoma sifa zile.

Sikupiga mstari.

Mwanafunzi wako

*

Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Barua yako imesomwa mara mbili. Mara ya kwanza mjukuu alishindwa kuendelea katikati, ikabidi tusubiri.

Mkuu wa ghala amenieleza kwamba amechukua funguo zako. Sikumwomba abadili, na sitakuficha hilo. Habari ya kukusamehe tutaizungumza siku nyingine, leo siiwezi.

Profesa naye ameandika. Amefuta makala yake, ameniomba radhi. Lakini anasema, na ni kweli, kwamba mchoro bila mnyama hautoshi kusimamisha jina. Litaning'inia mpaka apatikane mwingine, na mimi sina miaka thelathini na minane mingine ya kungoja.

Nikuambie kilichonipata. Nilijizoeza kuwa mtu aliyekosea. Nilijizoeza vizuri, kwa sababu nilikuwa na chupa ya kuniambia hivyo. Sasa naambiwa labda sikukosea, na siwezi kurudi nilikokuwa. Nikifumba macho naona vikombe vitatu, kisha nasikia maneno ya profesa, vinafutika. Nina hofu ya kufa sijui kama niliona au nilitamani.

Wewe umekaa naye miaka kumi na moja. Kuna siku yoyote ulifunua pamba ukamtazama mkono wa tatu? Siulizi kwa hasira. Sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Mwalimu

*

Tarehe 20 Juni

Dada, shikamoo.

Nimeshushwa melini. Nimo kwenye chumba cha kupanga bandarini, kitanda na kiti, nasubiri barua ya kampuni ya meli. Mkuu wa utafiti nilimwambia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alijua tangu siku ile na alikuwa anangoja nione haya. Kisha akaomba anwani ya Mwalimu wako, akauliza ni mahali gani hasa mzee alishusha wavu wake. Sijui anataka kufanya nini, wala usiweke tumaini.

Barua ya mzee uliyoninakilia nimeisoma. Sasa nakuomba jambo moja, na ukitaka ulikasirikie. Mwambie ulimwona. Andika tu: ndiyo, Mwalimu, mwaka fulani nilibadilisha pamba nikaviona, vitatu, vikubwa. Ni mstari mmoja. Kazi umeshapoteza, yangu imeshakwenda, na hakuna chupa duniani itakayokusuta. Mzee atalala usingizi. Huo ukiwa ni uongo, basi ni wa kumpa mtu dawa.

Nani ataumia?

Kijiko

*

Tarehe 23 Juni

Mwalimu wangu, shikamoo.

Mtu anayenipenda, na anayekuonea huruma, ameniambia nikujibu kwamba nilimwona. Niliandika hivyo. Niliandika mara tatu, kwenye karatasi tatu, na mara ya tatu mwandiko ulikuwa mzuri kabisa, mtu angeusadiki. Nimezichana zote.

Sikumwona, Mwalimu. Miaka kumi na moja, mara mbili kila mwaka, nilisimama mbele yake na penseli na sikufunua pamba hata mara moja. Alipotoka alikuwa kavu. Alipolainika mikono ilishaachia, na vipande nilivimwaga bila kuvitazama. Kama vilikuwepo vikombe vitatu, vilipita mbele ya macho yangu kwenye sinki, nami nilikuwa nasikiliza viatu vya mkuu.

Siwezi kukuambia uliona, wala siwezi kukuambia hukuona. Ningekuwa nimeifanya kazi uliyonifundisha, leo ungekuwa na mtu wa kukujibu.

Barua hii siitii posta. Nitaileta kwa mkono, nimpe mjukuu, nami nibaki nje mlangoni mpaka amalize kukusomea. Naogopa sana, sina sababu ya kukuficha. Mkiniita ndani nitaingia. Msiponiita, nitasubiri kidogo, kisha nitakwenda nyumbani.

Mwanafunzi wako